Mfuko wa Bi Somoe

Wadogo zangu mnaokwenda kujifunza cherehani likizo hii kwa Fundi Bakari, pale Mtanda: kabla hamjagusa mashine, niamkieni. Marahaba. Sasa tunaweza kuongea.

Mimi ni fundi mstaafu. Nina miaka kumi na saba, nasoma kidato cha tatu, na nimestaafu kwa hiari yangu baada ya utumishi wa likizo tatu. Kiinua mgongo sikupewa, ingawa mgongo wenyewe ulipinda kwa kuinamia vitambaa. Najua wastaafu huwaachia vijana hekima. Mimi nawaachia kigoda, kile chenye mguu mmoja mfupi, ukikikalia lazima uegemee kushoto kama lori lililopakiwa korosho upande mmoja. Nawaachia pia mambo machache ambayo mwenyewe sijayaelewa mpaka leo. Mkiyaelewa ninyi, njooni mniambie. Nyumbani mnapajua.

Nianze na yale ninayoyajua kwa uhakika. Mashine ya Fundi Bakari ina umri kumshinda Fundi mwenyewe, na ina nongwa. Uzi wa chini ukianza kujikunja kama tambi, usiseme mashine mbovu. Ni wewe umepitisha uzi wa juu kusiko. Sindano ikianza kulia tap, tap, tap kama mtu anayebisha hodi, ujue imekuwa butu, ibadilishe kabla haijakatika ikakurukia. Ukifika kwenye kona, iache sindano ndani ya kitambaa, inua mguu wa mashine, geuza kitambaa, shusha mguu, endelea. Hilo lilinichukua wiki nzima, maana mimi nilikuwa najaribu kugeuza mashine. Chaki ikiisha, chukua kile kipande cha sabuni kilichobaki bafuni, chembamba kama jani. Kinachora vizuri, na nguo ikifuliwa hakuna anayejua. Na usivute kitambaa kwa nyuma. Mashine inajua kula yenyewe, haitaki kulishwa kwa nguvu.

Baada ya hapo, uhakika wangu umeisha.

Maana mimi nilikuwa na ugonjwa. Nilitaka mshono unyooke. Sio kunyooka kwa Fundi, kunyooka kwa daftari la jiometri. Likizo ya kwanza nilikwenda kazini na rula, bikari na kipima pembe. Fundi Bakari aliponiona nimekilaza kipima pembe juu ya mto wa kochi, aliacha kutafuna muhogo.

"Tatu," akasema. Tatu ndilo jina langu. "Huo mto unakwenda kulaliwa au unakwenda kusahihishwa?"

"Fundi, pembe lazima iwe nyuzi tisini."

"Sasa hivi ina ngapi?"

"Themanini na nane."

"Basi mwenye mto atalala nyuzi mbili pungufu. Ataamka tu."

Sikumsikiliza. Nikachukua kiwembe nikafumua. Nikashona upya, ikawa tisini na moja. Nikafumua. Mto ule niliufumua mara kumi na moja. Sasa, kitu ambacho hakuna aliyeniambia ni kwamba unaweza kuutoa uzi, lakini matundu ya sindano hayatoki. Mara ya kumi na moja pembe ilikuwa tisini barabara, na kitambaa kilikuwa chujio. Si utani. Mama alikichukua kuchujia tui la nazi, kipo jikoni mpaka leo, na nakiri kinachuja vizuri kinoma.

Fundi ana sheria yake, nawaachia kama alivyoitamka. "Kufumua mara moja ni kujifunza. Mara ya pili unaiumiza nguo. Mara ya tatu nenda nyumbani ukalale."

Hapo ndipo nilipoanza kuchanganyikiwa kikweli, kwa sababu Fundi mwenyewe anashona kombo. Mtamwona. Anakanyaga pedali huku anaongea na simu, simu kaibana kwa bega, mkono mmoja upo kwenye muhogo. Siku moja dada mmoja alirudisha gauni kwa hasira.

"Fundi, tazama! Mkono huu mrefu kuliko huu."

Fundi akatazama, akatazama tena, akasema, "Ndio wa kupokelea zawadi huo."

Yule dada alitaka kukasirika akashindwa, akacheka mpaka akakaa chini. Akalivaa gauni lile harusini. Wiki iliyofuata akaleta vitambaa vitatu na shoga zake wawili. Mimi na rula yangu tumekaa pembeni tunatazama. Nilijiuliza: hawa watu wana macho? Kombo lile linaonekana hadi Kilwa!

Likizo mbili zikapita hivyo. Nilikuwa nimeanza mito minne, sketi ya shule moja na mkoba mmoja, na hakuna hata kimoja kilichotoka mlangoni. Mama akawa ananitangaza sokoni: "Mwanangu fundi wa kufumua. Mwenye nguo ya kufumuliwa alete, Tatu hana mpinzani." Watu wanacheka, nami nacheka, lakini kinaniuma. Likizo ya tatu nikaweka nadhiri. Kitu kimoja tu, kikamilike, na kisiwe na kasoro hata ya kutafuta kwa tochi.

Bi Somoe akanikuta kwenye nadhiri hiyo.

Bi Somoe anakaa nyumba ya tatu kutoka dukani, anakaanga visheti na kuviuza barazani kwake. Wakati ule macho yake yote mawili yalikuwa na mtoto wa jicho, ukungu mweupe kabisa. Watu alikuwa anawatambua kwa jinsi wanavyoburuta ndala. Mtaa mzima ulijua kwamba amepata tarehe ya kupasuliwa jicho la kwanza kwenye hospitali kubwa huko Mtwara, tarehe aliyoingojea tangu mikorosho haijatoa maua.

Ilikuwa Jumatatu. Fundi alikuwa Mingoyo kwa siku kadhaa, amekwenda kuwapima watu wa harusi sare zao. Mimi kaniachia duka pamoja na onyo: pokea tu, usikate. Bi Somoe akaingia akipapasa mlango.

"Bakari yupo?"

"Shikamoo bibi. Hayupo, yuko Mingoyo."

"Marahaba. Afadhali. Yule mdomo wake hauna komeo." Akakaa kwenye kigoda, akaegemea kushoto bila kushtuka, akatoa mkobani kitambaa cheupe, bafta, kimekunjwa vizuri na kinanukia udi. "We Tatu, mkasi unaujua?"

"Naujua sana, bibi."

"Nikatie vipande vitano. Viwili virefu, vya kumfunika mtu mwili mzima. Kimoja cha kujifunga kiunoni. Kimoja cha kichwani. Hiki cha mwisho ukitoboe shingo, kiwe mfano wa kanzu, ukishikize ubavuni kwa mkono, mshono wa mbalimbali. Basi. Usitie fundo, usipige pindo, usilete ufundi. Nataka Jumatano alasiri, Alhamisi alfajiri nasafiri."

Najua. Wenye akili mmeshaelewa, mmeshika midomo. Mimi sikuelewa. Mimi ni mtoto wa mjini Lindi niliyepata alama nzuri za jiometri na sijawahi kuingia chumba wanachoingia kina mama wakubwa kukiwa na msiba. Nikafikiri: mtu anakwenda kulazwa hospitali, hizi ni nguo za kulazwa. Mashuka mawili, shuka la kiunoni, kilemba, na kanzu ya kulalia.

"Lakini bibi, bila pindo nyuzi zitachomoka."

"Zichomoke."

"Hata za shingoni?"

"Hata za shingoni. Mjukuu wangu, hayo ni masikio au masikio ya sufuria? Vivyo hivyo nilivyosema. Ningefanya mwenyewe, lakini hata tundu la sindano silioni. Na usimwambie mtu, hata mama yako."

Akaondoka. Nami nikabaki na bafta mapajani, na moyo unanichoma. Kwa nini aseme usilete ufundi? Nikapata jibu, na jibu lilikuwa la kipumbavu: amesikia matangazo ya mama. Anadhani siwezi. Anataka vipande vya ovyo kwa sababu anaamini kutoka kwangu hupati isipokuwa ovyo. Nikajiambia, sawa. Huoni kwa macho lakini vidole unavyo. Utanijua.

Jumanne nilishona kutwa nzima. Na ndugu zangu, sijui nisemeje. Bafta ni kitambaa chenye adabu, ukikiambia nyooka kinanyooka. Nilipiga pindo pande zote nne, vipande vyote, pindo la kukunja mara mbili, upana uleule mwanzo mpaka mwisho. Kila ncha ya uzi nikatia fundo, na juu ya fundo nikatia fundo lingine. Shingo ya kanzu nikaizungushia ukanda. Ubavuni, badala ya kushikiza kwa mkono, nikapiga mashine mara mbili. Kiwembe sikukigusa. Mara ya kwanza katika maisha yangu nilishona siku nzima na hakuna nilichofumua.

Mngeishia hapo, sivyo? Mimi sikuishia hapo. Ndio kwanza nilikuwa nimejifunza kutia mfuko. Nikawaza: bibi wa watu yuko kitandani, jicho limefungwa bendeji, kadi ya hospitali ataiweka wapi? Nikautia mfuko kwenye ile kanzu, upande wa kulia. Wenye kifuniko. Wenye kifungo.

Halafu nikaivaa, nikajitazama kwenye kioo cha Fundi. Nikageuka kulia, nikageuka kushoto, nikaingiza mkono mfukoni kama meneja wa benki. Nikaona nimependeza.

Nilipofika nyumbani nikaazima simu ya mama, kwa sababu mimi ni mwanafunzi na sina simu, na kama ninayo haiwahusu. Nikavipanga vipande vyote vitano juu ya mkeka, kanzu ikiwa juu, nikapiga picha, nikaiweka kwenye status ya mama. Chini nikaandika: *Alhamdulillahi, tumemaliza salama.*

Jumatano asubuhi mama alikwenda shamba, simu akaiacha inachaji. Nikaifungua kuona nimesifiwaje. Ujumbe wa kwanza: "Innalillahi! Nani tena jamani?" Nikashangaa. Wa pili: "Poleni sana, tumepokea kwa mshtuko." Mshtuko? Nilijua nimeshona vizuri, lakini mshtuko? Wa tatu, jirani wa zamani aliyehamia Kilwa Masoko: "Poleni kwa yote. Mungu awape subira." Nikaona huyu anaelewa, maana kwa kweli pindo lile lilitaka subira. Nikamjibu: "Asante sana. Na wewe likikufika usisite kutuletea."

Hakujibu. Nikaona watu wa Masoko wana maringo.

Palikuwa pia na simu tatu ambazo hazikupokelewa, zote za Mjomba Issa, kaka yake mama, mvuvi wa Kiswere. Nikasema nitampigia baadaye. Nikaenda dukani.

Alasiri Bi Somoe akaja. Nilimwekea vipande mapajani, nimevipiga pasi, pasi ya mkaa, bila doa hata moja. Nikakaa mbele yake nikisubiri uso wake ubadilike.

Ukabadilika. Vidole vilianza na kipande kirefu, vikatembea kwenye pindo polepole mpaka kona, vikasimama, vikageuka, vikaendelea mpaka kona ya pili. Akashika kingine. Akashika ncha, akalipata fundo, na juu ya fundo akalipata lile lingine.

"Tatu."

"Naam bibi."

"Umepiga pindo."

"Zote bibi! Na sikuhitaji hata..."

"Na fundo."

"Mbili mbili, bibi. Hata ukivuta..."

Akaninyamazisha kwa mkono. Mkono wa pili umeshafika kwenye kanzu, umepita shingoni, umeshuka ubavuni. Ukakuta kifungo. Akakipapasa, akakifungua, akaingiza vidole ndani. Vikakaa humo.

"Hiki nini?"

"Mfuko, bibi," nikasema, na sauti ilikuwa imeanza kupungua yenyewe bila mimi kujua sababu. "Wa kadi ya hospitali."

Bi Somoe akavuta pumzi. "Mwanangu. Hii ni sanda yangu."

Siwezi kuwaeleza vizuri kilichotokea kichwani mwangu. Nilimtazama yeye, nikatazama bafta, nikatazama kioo cha Fundi, nikajiona jana nimesimama pale mkono mfukoni nageuka kulia na kushoto. Miguu ikataka kukimbia, na sijui ilikuwa inataka kwenda wapi, maana sanda nimeshaivaa.

"Lakini bibi si unakwenda kutibiwa jicho tu!"

"Jicho tu kwako wewe, unaona. Kisu ni kisu. Mimi sijawahi kulala nje ya Lindi, na watu wazima hawasafiri kwenda kupasuliwa bila nguo yao mkobani. Nikifia huko wataninunulia ya haraka haraka, ya mtu asiyenijua. Hii nimeinunua mwenyewe, kwa visheti vyangu. Binti zangu nikiwaambia wataniangulia kilio, watasema natafuta uchuro. Ndio maana nikaja kwako, kwa mtoto asiyejua kitu." Akaikunja kanzu. "Na kwetu nguo hii haipigwi pindo wala haitiwi fundo. Mtu anakwenda, wewe unamfungia nini? Sasa basi. Siendi. Nitakaa na ukungu wangu."

"Bibi, usiseme hivyo! Tarehe umeingojea miezi!"

"Nimesema siendi bila nguo yangu, na hii si yangu, hii ni yako."

Nilikuwa nimepiga magoti, sijui naomba msamaha kwake au kwa Mungu, mlango ukajaa watu. Mama mbele, jembe bado begani. Nyuma yake Mjomba Issa, kavaa kanzu na kofia, jasho linamtiririka, mkono mmoja mfuko wa mchele, mkono mwingine kapu la samaki. Alikuwa amepanda bodaboda kutoka Kiswere. Walikuwa wamekutana njiani, kila mmoja akimpa mwenzake pole ya msiba ambao hakuna aliyejua ni wa nani.

"Tatu!" Mama akapaza sauti. "Umeweka nini kwenye simu yangu? Watu wameniombea dua njia nzima!"

Mjomba akaangalia ile bafta mapajani mwa Bi Somoe. Akavua kofia. "Nani kafa?"

"Bado," akasema Bi Somoe.

Hata cherehani ilinyamaza, ingawa ilikuwa haifanyi kazi.

Ikabidi yote yasemwe. Nilisema mimi, kwa kulia na kuruka ruka, Bi Somoe akinisahihisha. Nilipofika kwenye mfuko Mjomba akainua mkono nisite. "Ngoja, ngoja. Umetia nini?"

"Mfuko."

"Kwenye sanda."

"Wenye kifungo," akaongeza Bi Somoe.

"Lahaula! Imamu wetu Kiswere kila Ijumaa anatuambia sanda haina mfuko!"

"Basi kamwambie Somoe wa Mtanda yake inao." Nikaona bega moja la Bi Somoe linatikisika, halafu la pili, nikadhani analia. Alikuwa anacheka. Alicheka bila sauti mpaka kanga ikamdondoka, mama akaangua kicheko, Mjomba akalazimika kuweka mchele chini. Mimi sikujua nicheke au nilie, nikafanya vyote, msiniulize jinsi nilivyoonekana.

Alipojifuta machozi Bi Somoe akasema, "Futa hiyo picha kabla haijafika kwa binti zangu. Halafu nasikia wewe bingwa wa kufumua."

"Ndiyo bibi."

"Fumua basi. Adhana ya magharibi isinikute hapa."

Wadogo zangu, siku hiyo nilifumua. Mama kashika ncha moja, Mjomba, ambaye kutwa hushinda na nyavu na anajua uzi kuliko mimi, kashika nyingine, kiwembe kinapita katikati. Lile pindo la kutwa nzima likashuka sakafuni kama nywele kinyozini. Mafundo yale mawili mawili ndiyo yaliyonitesa, nilimlaani aliyeyafunga. Ubavu wa kanzu nikaushikiza upya kwa mkono, mshono wa mbalimbali, bila fundo. Ukatoka umepinda. Nikaomba radhi, Bi Somoe akaupapasa akasema, "Ndio huo sasa."

Lakini kila palipokuwa na pindo pamebaki mstari wa matundu. Nikiinua kipande mwangani naviona vile vitundu, kimoja kimoja, hadi kona. Moyo ukaurudia ugonjwa wake.

"Bibi, yanaonekana. Nikimbilie duka la vitambaa nikachukue bafta nyingine? Nitakata sasa hivi."

"Nani atakayeyatazama?"

"Mimi nitajua yapo."

"Utakuwa juu, mimi nitakuwa chini. Hayo matundu yanakusumbua nini?"

Nikakikunja kile kipande, matundu yakae ndani. Swali lake ninalo mpaka leo.

Akasimama kuondoka, halafu akakaa tena. "Ule mfuko uko wapi?"

Ulikuwa sakafuni, na kifungo chake. Akatoa mkobani gauni lake la safari, la maua. "Unishonee hapa. Kadi kweli sina pa kuiweka."

Nikachukua rula.

"Rula ya nini?"

"Nipime bibi, ukae sawa na..."

"Tatu, muadhini anakohoa!"

Kweli, msikitini kipaza sauti kilikuwa kimeshawashwa. Nikautupa mfuko juu ya gauni, bila chaki, bila sabuni, bila pini, nikakanyaga pedali kama Fundi Bakari mwenye simu begani. Upande, kona, geuza, chini, kona, geuza, upande. Nikatoa. Ulikuwa umeinama, kona moja imepanda, kona moja imeshuka, mfano wa mdomo wa mtu aliyeuma ukwaju. Mkono wangu ukaenda kwenye kiwembe wenyewe, wallahi sikuutuma. Bi Somoe alisikia chuma kinagusa meza, akaninyang'anya gauni, akakata uzi kwa meno.

"Lete."

Adhana ikalia. Akaweka kadi mfukoni, akafunga kifungo, sanda akaitia chini kabisa ya mkoba, akaondoka akimshika mama mkono. Samaki wa Mjomba tuliwala usiku huo kwa wali wa msibani, na walikuwa watamu, Mungu anisamehe.

Mfuko ule ndio kitu pekee nilichokishona kwa mashine kikatoka mlangoni katika likizo tatu. Dakika zisizozidi kumi. Nilikuwa na nadhiri ya kitu kisicho na kasoro, na kile kilikuwa kasoro yenyewe iliyotiwa kifungo. Nilishindwa kulala nikiwaza Mtwara nzima inautazama.

Fundi aliporudi kutoka Mingoyo nilimsimulia. Hakucheka, jambo lililonitisha. Akauliza swali moja tu: "Mfuko umeshika?" Nikasema ndiyo. Akarudi kwenye muhogo wake.

Bi Somoe alirudi kabla shule haijafunguliwa. Nilimwona anakuja bila kupapasa ukuta, miwani myeusi usoni, amevaa gauni lilelile la maua. Nikajificha nyuma ya cherehani. Haikusaidia, sasa anaona.

"Kumbe wewe ndiye Tatu," akasema. "Nilikudhania mrefu."

Akavua miwani. Jicho moja lilikuwa jeusi, linang'aa kama limeoshwa. Akatoa mkobani kile kipande kirefu cha bafta, akakiinua mlangoni penye jua, akasogeza uso karibu, akaufuata ule mstari wa matundu kutoka kona mpaka kona. Alichukua muda. Fundi akaacha kukanyaga pedali.

"Umenyooka," akasema mwishowe. "Umenyooka mno, mjukuu wangu."

"Asante bibi."

"Sijakusifu."

Akaikunja sanda yake, akairudisha mkobani. Kisha akainamisha kichwa akatazama mfuko uliokuwa kwenye gauni lake, nadhani kwa mara ya kwanza tangu jicho lifunguliwe vizuri. Akaitazama ile kona iliyopanda. Akaitazama ile iliyoshuka. Mimi nilikuwa natamani ardhi ipasuke.

"Bibi, nipe dakika tano tu," nikasema. "Nitaufumua niutie upya, safari hii nitapima." Na kiwembe tayari ninacho mkononi.

Bi Somoe akakitazama kiwembe, akanitazama mimi. Akaingiza mkono mfukoni, wote mpaka kwenye kifundo, akageuka akaenda zake na mkono mle mle, akasalimia watu kwa ule mwingine, mpaka akakata kona ya msikiti.

Siku hiyo ndiyo niliyostaafu. Na sijui mpaka leo kama alikuwa anauficha nisiufumue, au alikuwa anauringia.